Gurudumu la baiskeli ya milimani

Gurudumu la baiskeli ya milimani ni gurudumu lililoundwa kwa ajili ya baiskeli inayopita kwenye mawe, mizizi, mchanga, matope na miteremko mikali. Sehemu zake kuu ni kitovu, spoku, rimu (ambayo mafundi wengi huiita ringi) na tairi. Linatofautiana na gurudumu la baiskeli ya kawaida hasa kwa tairi pana lenye meno makubwa, linalojazwa upepo kiasi kidogo.

Kabla ya kununua tairi, rimu au tyubu mpya ni lazima kujua kipimo cha gurudumu lililopo. Inchi zinazoandikwa kwenye matairi hupotosha: matairi mawili yanayoitwa "inchi 26" yanaweza kuwa na vipenyo tofauti. Kosa la namna hii humpotezea mnunuzi fedha, na tairi lisilokaa vema kwenye rimu linaweza kuchomoka mwendeshaji akiwa mteremkoni.

Historia

Baiskeli za milimani zilianza katika kaunti ya Marin, jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1970. Waendeshaji wa huko walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940 na kushuka nazo kwenye njia za vumbi za mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Walizipenda kwa sababu ya matairi yake manene ya inchi 26, aina ambayo kampuni ya Schwinn iliiingiza sokoni Marekani mwaka 1933.

Tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kushuka mlima katika njia iliyoitwa Repack, karibu na mji wa Fairfax. Jina hilo la Kiingereza lina maana ya kujaza tena, na lilitokana na taabu ya magurudumu. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, na mwendeshaji aliifunga kwa kurudisha pedali nyuma. Katika mteremko ule kitovu kilipata joto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi. Baada ya kushuka, kitovu kilibidi kifunguliwe na kujazwa grisi upya.

Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyobuniwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kiwandani kwa wingi. Rimu za aluminiamu zilichukua nafasi ya zile za chuma, na gurudumu likawa jepesi zaidi.

Magurudumu ya inchi 26 yalitawala hadi miaka ya 2000, yalipoanza kushindana na yale ya inchi 29 na baadaye inchi 27.5. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alishinda akiwa na magurudumu ya inchi 29. Nino Schurter wa Uswisi, aliyekuwa na ya inchi 27.5, alimfuata kwa tofauti ya sekunde moja.

Vipimo vya gurudumu

Kipimo cha kuaminika ni kipenyo cha mahali ambapo ukingo wa tairi hukaa ndani ya rimu, kwa milimita. Huandikwa ubavuni mwa tairi pamoja na upana wake. Kwa mfano, 57-559 maana yake ni tairi lenye upana wa milimita 57 kwa rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Tairi hilo haliingii kwenye rimu yenye kipenyo kingine, hata kama inchi zinafanana.

Vipenyo vya kawaida vya baiskeli za milimani ni:

- inchi 26: milimita 559
- inchi 27.5 (pia 650B): milimita 584
- inchi 29: milimita 622

Tairi linaloandikwa 700C nalo lina kipenyo cha milimita 622, kwa hiyo rimu ya inchi 29 ina kipenyo kilekile cha rimu ya 700C. Lakini baiskeli nyeusi za mizigo zilizoenea Afrika Mashariki hutumia tairi la 28 × 1½, lenye kipenyo cha milimita 635. Hivyo "inchi 28" hiyo ina rimu kubwa kuliko ya "inchi 29".

Tofauti nyingine iko katika namna ya kuandika namba. Katika hisabati 1¾ na 1.75 ni kitu kimoja. Katika matairi, 26 × 1.75 huwa na kipenyo cha milimita 559, na 26 × 1¾ ni kipimo cha zamani chenye milimita 571. Tairi la 26 × 1⅜ lina milimita 590. Kwa sababu hiyo namba zilizoandikwa kwa sehemu zisichanganywe na zile za desimali.

Ikiwa maandishi ya tairi yamefutika, rimu inaweza kupimwa bila tairi. Pima kipenyo chake kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa upande wa pili, kisha toa milimita 12 hivi, yaani urefu wa kingo zote mbili. Jibu litakaribia mojawapo ya namba zilizotajwa. Hatua ya kutoa isisahauliwe: ukingo wa nje wa rimu ya 622 hupima takriban milimita 634, na anayesahau kutoa atadhani ni rimu ya 635.

Kuchagua ukubwa

Gurudumu kubwa hupanda juu ya jiwe au mzizi kwa urahisi zaidi, na likishapata kasi huihifadhi vizuri. Kwa upande mwingine huwa zito zaidi na huhitaji nguvu nyingi kuanza mwendo. Gurudumu dogo hugeuka upesi katika kona za karibu na humfaa mwendeshaji mfupi. Gurudumu la inchi 27.5 liko katikati.

Fremu na uma wa mbele hutengenezwa kwa ukubwa maalumu, kwa hiyo kubadili ukubwa wa gurudumu kwenye baiskeli iliyopo mara nyingi haiwezekani. Upatikanaji wa vipuri nao ni muhimu. Gurudumu ambalo tairi na spoku zake zinauzwa katika mji wa karibu linaweza kumfaa mtumiaji kuliko lile bora zaidi ambalo vipuri vyake huagizwa nje.

Tairi

Matairi mengi ya baiskeli za milimani yana upana wa inchi 2.1 hadi 2.6. Membamba huenda upesi. Mapana hushika ardhi vizuri na kupunguza mtikisiko. Ni lazima ibaki nafasi ya kutosha kati ya tairi na fremu kila upande, la sivyo matope yatajaa na kulizuia lisizunguke.

Meno huchaguliwa kulingana na ardhi:

- ardhi kavu na ngumu: meno mafupi yaliyokaribiana
- mchanganyiko wa mawe na udongo: meno ya wastani, na makubwa zaidi pembeni kwa ajili ya kona
- matope: meno marefu yaliyoachana, ili udongo udondoke tairi linapozunguka

Mtu mwenye matairi mawili yasiyofanana huweka mbele lile linaloshika zaidi. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji huweza kujirekebisha. La mbele likiteleza, kwa kawaida huanguka. Matairi mengi yana mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia.

Upepo

Kiasi cha upepo hupimwa kwa psi au kwa bar, na bar 1 ni sawa na psi 14.5. Kwa tairi la inchi 2.2 hadi 2.4 lenye tyubu, mwendeshaji wa kilo 60 hadi 80 anaweza kuanza na psi 25 hadi 35, gurudumu la mbele likiwa na pungufu kidogo. Kikomo kilichoandikwa kwenye tairi au rimu kisizidishwe.

Kujaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe kunafaa baiskeli inayobeba magunia barabarani. Kwenye njia ya mlima tairi gumu hurukaruka juu ya mawe na kupoteza mshiko. Upepo ukipungua mno, rimu hugonga jiwe na kuibana tyubu katikati. Pancha ya aina hii hutambulika kwa matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Pancha ya mwiba huwa na tundu moja. Anayeona matundu mawili anapaswa kuongeza upepo, maana kiraka peke yake hakiondoi chanzo.

Tyubu na matairi yasiyo na tyubu

Mwaka 1999 kampuni za Mavic, Michelin na Hutchinson zilileta mfumo wa tairi lisilo na tyubu kwa baiskeli za milimani. Tairi hukaza kwenye rimu iliyozibwa kwa utepe, na ndani huwekwa majimaji yanayoziba matundu madogo yenyewe. Mfumo huu huruhusu upepo mdogo bila hofu ya tyubu kubanwa. Unafaa sana katika nyika zenye miiba ya migunga, kama Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli.

Kasoro yake ni kwamba majimaji hukauka baada ya miezi michache na hasa katika joto, hivyo lazima yaongezwe. Pia tairi likichanika sana halizibiki, na mwendeshaji bado anahitaji kubeba tyubu ya akiba.

Tyubu huchaguliwa kwa kipenyo, upana na aina ya vali. Vali nene kama ya gari (Schrader) haipiti katika tundu jembamba la rimu lililotobolewa kwa vali ya Presta. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi kutafuta mwiba uliobaki. Mwiba usipoondolewa utatoboa tyubu mpya vilevile.

Spoku na rimu

Magurudumu mengi ya milimani yana spoku 28, 32 au 36. Uimara wa gurudumu unategemea spoku zote kuwa zimekazwa vya kutosha na kwa usawa. Spoku ikilegea, hulegea na kukazika tena kila gurudumu linapozunguka, hadi chuma kinachoka na kuvunjika. Mara nyingi huvunjika katika gurudumu la nyuma, kwenye kona iliyo karibu na kitovu.

Gurudumu linaloyumba hunyooshwa kwa kugeuza vijinati vilivyo kwenye ncha za spoku. Rimu ikivutwa kulia, kaza kidogo spoku za kushoto mahali hapo na kulegeza za kulia. Kila kijinati kigeuzwe robo ya mzunguko tu kwa mara moja, kisha gurudumu lizungushwe na kukaguliwa tena. Kukaza kwa haraka ndiko kunakoharibu rimu.

Kwa baiskeli ambayo breki zake hubana rimu, kuta za rimu huliwa kidogo kidogo. Ukuta uliobonyea kwa ndani ni dalili kwamba rimu inakaribia mwisho wake. Inaweza kupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi, kwa hiyo haifai kuendelea kutumika.

Kitovu

Ndani ya kitovu kuna ekseli isiyozunguka, na kitovu huizunguka juu ya gololi au beringi zilizofungwa. Vitovu vingi vya gololi huwa na gololi 10 kila upande mbele na 9 kila upande nyuma. Ili kukikagua, shika rimu na kuitikisa kulia na kushoto. Ikicheza, kitovu kimelegea; ikizunguka kwa mkwaruzo, grisi imekwisha au maji yameingia. Maji yenye kasi yasielekezwe kwenye kitovu wakati wa kuosha, kwa sababu husukuma mchanga ndani.

Gurudumu jipya lazima lilingane pia na upana wa fremu. Baiskeli nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 100 mbele na 135 nyuma, na nyingi za sasa zina 110 na 148.

Diski na mnyororo

Diski za breki huwa na kipenyo cha milimita 160, 180 au 203. Kubwa huhimili joto zaidi kwenye mteremko mrefu. Mafuta ya mnyororo yakigusa diski au pedi, breki hupoteza nguvu. Diski husafishwa kwa spiriti na kitambaa safi, na pedi zilizolowa mafuta kwa kawaida hubadilishwa. Gurudumu likiwa limetolewa, breki ya diski inayotumia mafuta isibanwe, kwa sababu pedi zitakutana na gurudumu halitaingia.

Mnyororo uliochakaa hula meno ya gia. Katika mnyororo mpya, jozi 12 za viungo hupima milimita 304.8 kutoka pini hadi pini. Zikifika milimita 307, mnyororo ubadilishwe. Kwa baiskeli yenye gia 11 au 12 nyuma, ubadilishwe mapema zaidi. Mnyororo mmoja ni nafuu kuliko seti nzima ya gia.

Ratiba ya matunzo

- Kabla ya kila safari: upepo, breki, na kama ekseli za magurudumu zimekazwa
- Baada ya safari ya matope: kuosha kwa maji ya taratibu, kukausha na kupaka mnyororo mafuta
- Kila mwezi: spoku, miyumbo ya rimu, mipasuko ya tairi na unene wa pedi
- Kila baada ya miezi michache: majimaji ya matairi yasiyo na tyubu na urefu wa mnyororo
- Angalau mara moja kwa mwaka: kufungua vitovu vya gololi, kuvisafisha na kuweka grisi mpya

Tazama pia

- Baiskeli
- Gurudumu
- Breki