SIKUPEWA: Viambishi vya Kiswahili na Mawasiliano ya Asiyeweza Kutamka

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia darasa la isimu mwaka wa kwanza anaikumbuka fasili ile: lugha ni mfumo wa sauti nasibu unaotumiwa na jamii ya watu kwa madhumuni ya mawasiliano. Tuliikariri, tukaiandika mitihanini, tukapata alama zetu. Makala haya yanatokana na siku nilipoanza kuishuku fasili hiyo. Ikiwa lugha ni sauti, je, yule ambaye kiharusi kimemnyang'anya sauti amebaki na nini?

Mjomba wangu alisomesha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipopatwa na kiharusi, viungo vililegea na ulimi ukawa mzito asiweze kutamka neno likasikika. Kuelewa alielewa, na kusoma alisoma. Macho yake yalitufuata kila tulipokwenda chumbani. Hospitalini alipewa ubao wa picha: glasi ya maji, kitanda, choo, vidonge, uso unaolia, na chini ya kila picha neno la Kiingereza. Jioni moja aliigusa picha ya vidonge. Tukamwambia, "Utakunywa saa tatu, Mjomba." Akaigusa tena, akatikisa kichwa. Tukadhani anaikataa dawa, tukaanza kumbembeleza kama mtoto. Mzee yule akalia. Kesho yake binti yake aliandika alfabeti nyuma ya kalenda, akawa anapitisha kidole herufi baada ya herufi, naye mjomba akifumba macho kidole kinapofika panapotakikana. Baada ya muda mrefu likapatikana neno moja: SIKUPEWA. Dawa ya asubuhi hakuipata.

Msomaji alitazame neno hilo kwa jicho la mwanamofolojia. Si- ni nafsi ya kwanza katika ukanushi. -Ku- ni wakati uliopita. -P- ni mzizi. -Ew- ni kauli ya kutendwa. -A ni kiishio. Ubao ule wa picha ulikuwa na dawa, ila haukuwa na kanusho, haukuwa na jana wala leo, na haukuwa na namna ya kusema kwamba kuna mtu aliyepaswa kutenda naye hakutenda. Ulimpa mjomba nomino ukamnyima sarufi. Na pasipo sarufi mtu anaweza kuomba, lakini hawezi kulalamika.

Taaluma inayoshughulikia jambo hili nitaiita mawasiliano saidizi na mbadala. Ni saidizi pale inapoongezea nguvu usemi uliodhoofika, na ni mbadala pale inaposhika nafasi ya usemi usiokuwepo. Wanaoihitaji ni wengi: watoto wenye mtindio wa ubongo, baadhi ya watu wenye usonji, waliopata kiharusi, na wenye maradhi ya neva yanayokausha misuli. Nyenzo zake huanzia mwilini mwenyewe, yaani macho, kichwa na vidole. Zikaja mbao na vitabu vya picha au herufi. Zikaja mashine zinazotamka kile mtumiaji anachochagua. Huyu wa mwisho ndiye ulimwengu unayemjua zaidi, kwa ajili ya Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepoteza sauti mwaka wa 1985 baada ya kupasuliwa koo, akaendelea kufundisha na kuandika kwa sauti ya kompyuta hadi alipofariki mwaka wa 2018. Hata hivyo ubao wa karatasi hauhitaji umeme, na kwa nyumba nyingi za kwetu ndio utakaofika kwanza.

Wazo la kusema bila kinywa si geni kwetu. Mwanamke wa pwani anayevaa kanga ya jina fulani siku fulani, akapita mlango wa jirani fulani, amekwisha kusema, na jirani amekwisha kusikia. Tofauti ni kwamba mwenye kanga anaweza pia kutamka akitaka.

Alama za picha nazo zina historia yake. Charles Bliss, aliyezaliwa mwaka wa 1897 katika himaya ya Austria na Hungaria, alifungwa na Wanazi katika kambi za Dachau na Buchenwald, akaponea Shanghai. Huko alivutiwa na maandishi ya Kichina, ambayo watu wa lahaja mbalimbali husoma kila mmoja kwa matamshi yake. Akabuni mfumo wa alama ambao alitumaini ungewapatanisha walimwengu, akauchapisha Australia mwaka wa 1949. Walimwengu hawakujali. Lakini mwaka wa 1971, mjini Toronto, mwalimu Shirley McNaughton na wenzake waliokuwa wakifundisha watoto wenye mtindio wa ubongo waliuona mfumo huo, wakautumia, na watoto waliokuwa wakidhaniwa hawana la kusema wakaanza kuunda sentensi. Kwetu sisi lililo muhimu ni hili: Bliss hakuishia kwenye picha. Aliweka vialama vidogo juu ya alama kuu kuonyesha kwamba hiki ni kitendo, kile kimepita, kile kitakuja, hivi ni vingi. Bila kukijua Kiswahili, alikuwa amegundua haja ya viambishi.

Mbao nyingi zinazoletwa kwetu hazina hekima hiyo. Zimejengwa juu ya Kiingereza, lugha ambayo maneno mia chache mafupi huchukua sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku, tena maneno hayo hubadilika kidogo tu. Mtumiaji hugusa "mimi", "taka", "maji", na sentensi yake imekamilika au imekaribia. Anayezitafsiri mbao hizo neno kwa neno anadhani amemaliza kazi, kumbe ndiyo kwanza ameianza. Katika Kiswahili kiini cha mazungumzo hakimo katika maneno mazima. Kimo katika ni-, u-, a-, -na-, -li-, -me-, -ta-, ha-, si-. Na kile kivumishi kimoja cha umilikaji cha Kiingereza kitawekwa kwa picha ipi kwetu? Wangu, yangu, changu, langu, vyangu?

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu ya wasomi. Mtu akigusa "mimi" na "piga", msikilizaji atajaza yaliyosalia. Kwa maji na uji, sawa. Lakini mtoto asiyesema akitaka kueleza lililompata bwenini, msikilizaji atajaza nini? Amenipiga na nimempiga zina mzizi uleule. Kinachomtenga mshitaki na mshitakiwa ni kiambishi cha mtenda na cha mtendwa, na ubao usiokuwa navyo humwachia mtu mwingine uamuzi wa nani alimpiga nani.

Nije kwenye herufi, maana hapa ndipo nilipopata mshangao. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle, alipatwa na kiharusi Desemba 1995, akabakiwa na kope la jicho la kushoto tu. Alisomewa alfabeti, akapepesa kope herufi yake ilipotajwa, na kwa njia hiyo akaandika kitabu kizima kilichochapishwa Machi 1997, siku chache kabla ya kufariki. Herufi zake hazikufuata A, B, C. Zilipangwa kwa jinsi zinavyojirudia katika Kifaransa: E kwanza, kisha S, kisha A. Za mwisho kabisa, ya 25 na ya 26, zilikuwa K na W.

K na W! Mswahili wa kutumia mpangilio huo angetajiwa herufi 54 ili kupata neno "kwa". Alfabeti yetu ya kawaida, isiyo na Q wala X na yenye CH mahali pa C, inahitaji 34. Kiswahili ni lugha ya irabu, na A ndiyo mfalme wao: katika "haraka haraka haina baraka" herufi ni 23, na 11 kati yake ni A. Kwa hiyo nimejaribu kupanga hivi: A I U N K, M W E L O, T H S Y Z, B P D G J, R F C V. Ni rasimu ya mezani. Mwenye muda wa kuhesabu matini nyingi za mazungumzo na airekebishe. Hata hivyo, kwa mpangilio huu "kwa" ni hatua 13. Sikupewa, ambayo kwa alfabeti ya kawaida ni hatua 102, inashuka hadi 56. Tukizipanga herufi katika safu tano kama nilivyozitenga hapo juu, mgonjwa akachagua safu kwanza kisha herufi, zinabaki 36. Na tukitenga ubao wa viambishi, wenye si-, -ku- na shina -pewa, neno hilo ni miguso mitatu. Kwa mtu ambaye kila mpepeso wa kope ni kazi, hizo ndizo hesabu za kujua kama atasema au atakata tamaa.

Sheria ipo upande wetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unayataja mawasiliano haya kwa jina katika fasili yake ya mawasiliano. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaipa Serikali jukumu la kukuza lugha ya ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili nazo zipo siku hizi, na tahajia yetu inayofuata matamshi inazirahisishia kazi. Kinachokosekana ni mchanganuo: mizizi ipi iwe kwenye ukurasa wa kwanza, kompyuta ioanishe vipi upatanisho wa ngeli ili mtumiaji achague "-angu" nayo itoe "kikombe changu", kauli zipi za vitenzi zitangulie. Mhandisi hawezi kuyajua hayo, na tabibu hakuyasomea. Ni mada za tasnifu, nazo zinatusubiri sisi ambao kila mwaka tunaandika juu ya viambishi vilevile bila kujiuliza ni nani anavihitaji.

Mjomba sasa anatumia ubao tuliomchorea kwenye kadibodi, viambishi kushoto, mashina kulia. Juma la kwanza alinikasirikia. Alipitia herufi moja moja hadi nikaelewa lalamiko lake: tulikuwa tumesahau -nge- na -ngali-. Ualimu haujamtoka. Safu hiyo tumeiongeza.