Njia Mbaya za Kukuza Chama

Mwalimu wa darasa na aandike maneno haya ubaoni: mwanachama, kiingilio, daftari, mkopo. Yasomeni pamoja, kisha sikilizeni.

Wengi wenu mmo katika vyama: chama cha kuweka akiba na kukopa, chama cha mazao, au chama cha kuzikana. Kila chama hutaka kukua, na hilo si kosa. Lakini ziko njia za kukuza chama ambazo mwisho wake hukiua. Leo tutazitazama nne.

Njia mbaya ya kwanza ni ahadi kubwa. Tuseme chama chenu kina watu 20, na kila mmoja huweka shilingi 5,000 kwa juma. Mwenyekiti anataka muwe 60. Anapita nyumba kwa nyumba akisema, "Ingia leo, kesho utakopa shilingi 100,000." Watu 40 wanaingia.

Sasa shikeni kalamu tupige hesabu. Watu 40 mara shilingi 5,000 ni shilingi 200,000. Hiyo ndiyo fedha waliyoleta. Watu 40 mara shilingi 100,000 ni shilingi 4,000,000. Hiyo ndiyo fedha wanayoingoja. Itatoka wapi? Itatoka katika akiba ya wale 20 wa kwanza. Wao huweka shilingi 100,000 kwa juma wakiwa wote pamoja. Basi kuzipata hizo 4,000,000 huwachukua majuma 40. Jasho la majuma 40, bati za nyumba na sare za watoto, litatoka kwa siku moja na kupewa watu ambao bado hamjawajua.

Njia mbaya ya pili ni kumlipa kila mtu aletaye wenzake, na malipo hayo kuyatoa katika viingilio vya wale wapya. Mwanzoni kila mtu hufurahi. Lakini tazama hesabu yake. Mtu 1 alete watu 5. Hao 5, kila mmoja alete 5, nao ni 25. Kisha 125, kisha 625. Mkiendelea hivyo, mara ya 10 mtahitaji watu wapya 9,765,625. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wote wa Dar es Salaam, wadogo kwa wakubwa, wakawa milioni 5 na zaidi kidogo. Basi ni lazima siku moja watu wapya wakosekane, na wale walioingia mwisho hupoteza fedha zao. Mara nyingi hao ni jirani yako na ndugu yako, kwa kuwa ndio uliowaleta wewe.

Njia mbaya ya tatu ni kujaza majina matupu. Katibu anataka daftari lionekane nene mbele ya wakubwa. Anaandika waliohama, waliokufa, na watoto wa shule. Siku ya mkutano daftari lina watu 80, ukumbini wamo 15. Nani atapiga kura? Nani atamwuliza mweka hazina maswali? Jina lisilo na mtu halilindi fedha, na mwizi hupenda sana chama cha namna hiyo.

Njia mbaya ya nne ni haraka ya kutoka juu. Jambo hili tulilipata katika nchi yetu wenyewe. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Serikali ilitaka ushirika uenee upesi kila mahali. Vyama vingi viliandikishwa kwa haraka. Malalamiko ya wakulima yakazidi, na mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza. Kamati hiyo iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa chama chao ni kitu gani, kwamba watumishi wenye ujuzi hawakutosha, na kwamba siasa iliingilia kazi. Vyama vilikuwa vimeongezeka kuliko elimu ya wanachama. Mtu asiyejua kwamba chama ni chake hawezi kukitetea.

Je, chama hukuaje vizuri? Sikilizeni habari ya mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, wakiwemo wafumaji wa nguo, walichanga pauni 28, wakafungua duka dogo. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Siku zile wenye maduka wengi walighushi vyakula, hata kutia chaki katika unga. Wale 28 waliuza unga safi, kwa mizani ya haki, na faida wakaigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Mwisho wa mwaka 1845 walikuwa 74. Mwaka 1850 walikuwa 600. Jirani aliona mkate wa mwenzake ni mzuri, akauliza umetoka wapi. Unga wenyewe ndio uliokitangaza chama.

Basi, ndugu zangu, kabla hamjatafuta mtu wa 21, waangalieni wale 20. Je, wamesomewa hesabu mwezi huu? Je, aliyestahili mkopo aliupata kwa zamu yake? Je, mgonjwa ametembelewa? Kama sivyo, mgeni mtakayemkaribisha mnamkaribisha katika nyumba inayovuja. Na akija, msomeeni masharti yote, mwambieni kweli juu ya madeni ya chama, mpeni muda wa kufikiri. Atakayeingia hivyo atakuwa wenu hata siku ya shida.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Katika chama chako, ni wanachama wangapi walio daftarini, na wangapi waliofika mkutano uliopita?
2. Uliahidiwa nini ulipoingia? Umekipata?
3. Mtu akikuambia utalipwa kwa kuleta wenzako, utamwuliza nini?

Mwenye kujua kuandika zaidi na awaandikie wenzake majibu. Siku ya mkutano yachukueni, mkayasome mbele ya katibu.