Ua wa Nyasi: Sitara Isiyomwudhi Jirani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo lililo karibu na kila mlango, nalo ni ua. Mtu akiisha kuezeka nyumba yake hajamaliza kujenga, mpaka apate mahali ambapo watu wake watapika, wataogesha watoto na kuanika nguo pasipo macho ya wapita njia. Wazee wetu waliliita jambo hilo sitara, nao waliliheshimu sana. Pwani nyumba nyingi zina uani wake, uliozungushiwa makuti au ukuta. Na huko Buganda, nyumba kubwa iliyojengwa Kasubi mwaka 1882, ambayo baadaye ilifanywa makaburi ya Makabaka, ilizungushiwa ua wa matete.

Lakini makuti huoza, mabua huliwa na mchwa, na ukuta wa matofali wataka fedha nyingi. Kwa hiyo watu wengi hupenda kupanda ua ulio hai, na katika mimea ifaayo, nyasi ndefu hushinda nyingine kwa upesi wa kukua. Mti wa ua huenda ukataka miaka minne au mitano. Nyasi nyingine humzidi mtu kimo kabla ya mwaka kwisha. Tena zina uzuri wake, maana huyumba pamoja na upepo na sauti yake hupumzisha moyo. Walakini upesi huo huo ndio hatari yake, kama yalivyotupata sisi wenyewe.

Zamani tulikaa katika nyumba ya walimu ambayo kiwanja chake kilishuka mpaka bondeni, penye udongo wa majimaji. Tulichimbua matete mtoni, tukayapanda mstari mmoja juu ya mpaka, ili yafiche mahali pa kuogea. Mwaka wa kwanza kila mgeni alitusifu. Mwaka wa pili jirani yetu, mama mmoja mzee, alipiga hodi akasema, "Mwalimu, ua wako umekuja kunitembelea." Tukacheka, tukidhani ni mzaha. Akatuongoza mpaka kwenye matuta yake ya magimbi. Hapo tukaziona ncha za matete, kali kama sindano, zikichomoza katikati ya magimbi, futi 12 kutoka mstari wetu. Tulichimba likizo nzima, na kila kipande kilichosahauliwa udongoni kilichipuka tena. Msimu ule matuta mawili ya yule mama hayakumpa kitu. Hakutugombeza, lakini tuliona haya, kwa kuwa sitara yetu sisi ililipwa kwa chakula chake yeye.

Basi twapenda kila mtu ajue jambo ambalo sisi tulilijua tumekwisha chelewa. Nyasi, kwa namna ya kukua kwake, ni za makabila mawili. Kabila la kwanza ni wasafiri. Hizi hupeleka shina chini ya udongo, limelala kama kamba, na shina hilo lina vifundo. Kila kifundo chaweza kutoa mizizi upande wa chini na chipukizi upande wa juu. Matete ni ya kabila hili, na vivyo hivyo mianzi ya milimani, ile iliyojaa katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, maana mwanzi nao ni jamii ya nyasi. Kabila la pili ni wakaaji. Chipukizi zake hutoka ubavuni pa mama yao, na shina hunenepa polepole pale pale lilipopandwa.

Je, mtu atayatambuaje makabila hayo? Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na siri ya nyasi, sisi twasema, aijuaye ni jembe. Kabla ya kuomba miche kwa rafiki, chimba kidogo kando ya shina lake. Ukikuta shina lenye vifundo, limelala na kushika njia yake mbali, huyo ni msafiri, mwache. Ukikuta mizizi myembamba tu iteremkayo chini, huyo ni mkaaji.

Iko hatari nyingine tena, nayo ni mbegu. Kuna nyasi moja yenye vishada laini kama mkia wa paka, ambayo asili yake ni Afrika ya Kaskazini na ya Mashariki. Ilipelekwa visiwa vya Hawaii kuwa pambo la bustani, ikatoroka, mbegu zake zikachukuliwa na upepo. Huko huwaka upesi wakati wa ukame, kisha huota tena baada ya moto, hali mimea ya asili imekufa. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliitia katika orodha ya mimea iliyokatazwa kuuzwa na kupandwa. Basi mtu asichague nyasi kwa uzuri wa maua yake peke yake.

Katika wakaaji, twawachagulieni watatu. Wa kwanza ni vetiva, ambayo asili yake ni Bara Hindi. Huko mizizi yake yenye harufu nzuri husukwa kuwa mapazia ya madirisha, nayo yakinyunyiziwa maji hupooza upepo wa joto. Mizizi hiyo huteremka moja kwa moja, hata futi 10, kwa hiyo huushika udongo usichukuliwe na mvua. Kimo chake ni futi 5 au 6, na aina ipandwayo zaidi haitoi mbegu za kuota. Gawanya shina, kata majani yabaki inchi 8 na mizizi inchi 4, upande mwanzo wa mvua, mche na mche inchi 5. Usiipande kivulini, maana hulidai jua.

Wa pili ni mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya tembo. Hupita futi 10, na ng'ombe huyapenda. Lakini ukiyakata yote kwa ng'ombe, sitara imekwenda. Kwa hiyo panda mistari miwili, ukate mmoja, na mwingine usimame. Yaweke mbali na mboga, kwa kuwa ni mlaji mkubwa wa udongo.

Wa tatu ni mchaichai, wa futi 3 hivi, nao wafaa sana kwa wale wakaao ghorofani. Mtu aketiye rohani mwake kwa amani hahitaji zaidi ya kimo hicho, na roshani yenye masufuria manne au madebe matano ya mchaichai humsitiri barabara, tena humpa majani ya chai. Toboa matundu chini ya kila debe, maji yasituame. Kumbukeni pia kwamba debe moja la udongo uliolowa laweza kupita kilo 30. Basi yapangeni karibu na ukuta wa nyumba au juu ya nguzo, wala msiyaninginize juu ya vichwa vya watu.

Kwa kila ua wa nyasi, ondoeni majani makavu kabla ya kiangazi, maana ni chakula cha moto na maficho ya nyoka. Pandeni futi 3 ndani ya mpaka, mpate njia ya kupita na kukatia. Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwiteni jirani, mwonyesheni mche wenyewe na mahali utakapokaa.

Sisi tulipong'oa matete yetu, tulipanda vetiva mahali pake. Mwaka uliofuata yule mama alipiga hodi tena, nasi tukashtuka. Alikuja kuomba miche ya kupanda upande wake.