MBWA MDOGO WA WAFUMAJI

Labda mmepata kuona katika kalenda picha ya mbwa mdogo sana wa Kizungu, mwenye manyoya marefu kama nywele za mtu, amefungwa utepe kichwani, amepakatwa na bibi tajiri. Ukimwona utacheka na kusema: "Huyu naye ni mbwa? Atalinda nini?" Mimi nami nilisema vivyo hivyo. Huitwa teria wa Yorkshire, na uzito wake ni kama ratili 7, yaani kilo 3 hivi. Jogoo mnene aweza kumlingana. Lakini usimdharau kabla ya kusikia alikotoka, maana hakuanzia katika nyumba ya tajiri.

Jina teria limetokana na neno la Kilatini, terra, maana yake ardhi. Wazee waliozoea kuimba Nasadiki katika Misa ya Kilatini wanalijua. Mbwa wa namna hii walipewa jina hilo kwa sababu kazi yao ilikuwa kuwafuata wanyama mpaka ndani ya mashimo yao.

Basi, katikati ya karne ya 19, mashini za mvuke zilikuwa zimekwisha enea Uingereza. Kule Uskoti walikuwako watu wengi waliofuma nguo kwa mikono nyumbani mwao, na mashini zikawanyang'anya riziki. Wengi wakahama na wake zao na watoto wao, wakaenda kutafuta kazi kusini, katika nchi za Yorkshire na Lancashire, penye viwanda vya sufu na pamba na machimbo ya makaa ya mawe. Mali hawakuwa nayo, lakini wengine walichukua mbwa wao wadogo.

Ninyi mnaoweka mahindi ghalani mnajua panya ni adui wa namna gani. Huko viwandani, machimboni, na katika nyumba za wafanyakazi zilizobanana, panya walijaa tele. Maskini hawezi kulisha mbwa mkubwa. Huyu mdogo hushiba makombo, hulala pembeni, na panya akitokea hamkosi. Wafanyakazi wakawazalisha pamoja na mbwa wengine wadogo, wakichagua walio hodari na wenye manyoya mazuri. Nasaba hawakuziandika, kwa hiyo majina ya mbwa wale wa kwanza yamepotea, kama yalivyopotea majina ya wengi wa wafumaji wenyewe. Manyoya yakawa marefu na laini kama hariri, rangi ya chuma mgongoni na ya dhahabu kichwani, hata watu wakafanya mzaha kwamba mbwa huyo amefumwa kiwandani.

Mwaka 1865 akazaliwa dume aliyeitwa Huddersfield Ben, akatunzwa na Bibi Mary Ann Foster wa mji wa Bradford. Ben alipata zawadi nyingi katika maonyesho kwa uzuri wake, na pia alisifiwa katika mashindano ya kuua panya. Mwaka 1871 akakanyagwa na gari, akafa, umri wake miaka 6 tu. Lakini alikuwa ameacha watoto wengi, na mpaka leo huitwa baba wa mbwa hawa. Wakati huohuo, mwaka 1870, mwandishi mmoja wa gazeti alisema haifai tena kuwaita mbwa wa Uskoti, kwa kuwa uzuri wao wameupatia Yorkshire. Jina likashika.

Kisha matajiri wakampenda, wakamvika utepe, na watu wakadhani amekwisha sahau mashimo.

Mwaka 1944, wakati wa vita vikuu vya pili, askari Mmarekani alimkuta jike mmoja wa jamii hii katika handaki, msituni New Guinea. Alikuwa na ratili 4 tu. Askari mwingine, Bill Wynne, akamnunua kwa pauni 2 za Australia, akamwita Smoky. Mwaka 1945 walikuwa Lingayen, katika visiwa vya Ufilipino. Ilitakiwa kupitisha waya wa simu chini ya kiwanja cha ndege, ndani ya bomba lenye upana wa inchi 8 na urefu wa futi 70, na mahali pengine udongo ulikuwa umeingia. Kuchimba kungechukua siku kadhaa, na ndege na watu wangekaa wazi mbele ya mabomu ya adui. Wynne akafunga uzi katika ukanda wa shingoni mwa Smoky, akazunguka upande wa pili, akamwita. Mbwa akaingia hatua chache, akarudi. Akaitwa tena. Akaingia gizani kama babu zake walivyoingia kuwafuata panya, na baada ya kitambo wakaona macho yake yanang'aa, anakuja na uzi wake.

Smoky alikufa mwaka 1957, akazikwa karibu na mji wa Cleveland, Marekani. Pale wamemwekea sanamu: amekaa ndani ya kofia ya chuma ya askari, naye anaenea humo mzima.