Kompyuta isipokitambua kifaa cha waifai

Kwa mkazi wa Namoto, kituo cha mpaka cha Msumbiji kwenye mto Ruvuma, kifaa kidogo cha USB kinachoiunganisha kompyuta ya mezani na waifai hakipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo, kisipotambuliwa, kipimwe kwanza kabla ya kununua kingine Palma au Mtwara, ng'ambo ya mto.

Hatua ya kwanza ni umeme. Kifaa kichomekwe kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, kwani matundu ya mbele hutegemea waya wa ndani unaoweza kulegea. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500 tu, nazo hazitoshi zikigawanywa kwa vifaa vingi.

Hatua ya pili ni kufungua orodha ya vifaa, ambayo katika Windows ya Kireno huitwa Gestor de dispositivos. Orodha isipobadilika kifaa kinapochomekwa, kijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Kikinyamaza huko pia, yaelekea ni kibovu. Kikionekana na alama ya njano, kwa kawaida kinachokosekana ni draiva, yaani programu ya kukiendesha.

Draiva hiyo hupatikana kwenye intaneti, ambayo kompyuta haina. Jawabu ni simu: ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa igawe intaneti, kompyuta huweza kupakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa kufuata namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kifaa.