Karatasi Kwanza, Bei Baadaye: Kununua Vitunguu Vikavu Ukiwa Mtwara

Pakiti inayotoka haraka kuliko zote kwenye karakana yangu hapa Chikongola ni ya korosho zenye kitunguu na pilipili. Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam, wenye maduka wa Masasi, wageni wa Mikindani, wote huiulizia kabla ya ile ya chumvi tupu. Lakini korosho na kitunguu kibichi havikai pakiti moja. Korosho iliyobanguliwa huuzwa ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 5, na ikishakaangwa unyevu huo hupungua tena. Kitunguu kibichi ni maji kwa karibu asilimia 89. Ukikisaga ukakipaka juu ya korosho, baada ya siku chache una korosho zilizolegea zenye harufu ya uvundo. Ndiyo maana kila anayetengeneza chakula cha pakiti, awe na kiwanda cha tambi za haraka au jiko dogo kama langu, hutafuta kitunguu kilichokauka. Anakitaka kwa kilo nyingi, na anataka ladha ya mwakani iwe ileile ya leo.

Vitunguu vyenyewe si vya huku kwetu. Sokoni Mtwara huingia kwa malori kutoka Ruaha Mbuyuni na Singida, pengine Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, vikiwa kwenye magunia ya lumbesa ambayo serikali imeyapiga marufuku na bado yapo. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, njia iliyobaki ya lami ilikuwa kuzungukia Songea. Vitunguu vikikawia hivyo chini ya turubai, kwenye joto na unyevu, huanza kuota na kuoza. Katoni ya kilo 10 ya kitunguu kikavu haina shida hiyo, nayo hufanya kazi ya takribani kilo 100 za kibichi. Hesabu yake ni nyepesi: katika kilo 10 za kitunguu kilichomenywa, kitu kigumu ni kilo moja na kidogo tu, mengine yote ni maji; ukiongeza maganda na mizizi uliyotupa, kilo 10 za sokoni hukuachia kilo moja kavu.

Kukausha chakula hakuhitaji mgeni wa kutufundisha. Tuna makopa ya muhogo, tuna kochoko za mabibo, na ukishuka Msimbati mpaka kwenye mdomo wa Ruvuma utakuta ng'onda na pweza wametandazwa kwenye vichanja. Bibi mmoja wa huko, ambaye ndiye ninayenunua kwake pweza mkavu, hupima ukavu kwa kuuvunja mkono wa pweza. Ukipinda badala ya kukatika, anaurudisha juani. "Huu bado, mwanangu, una maji ndani," huniambia, na haniuzii hata nikimwambia gari linaningoja. Ningependa wauzaji wote wa viungo niliowahi kukutana nao wawe na msimamo wa bibi yule.

Viwandani kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni hewa moto: kitunguu hukatwa, hupitishwa kwenye handaki lenye hewa ya nyuzi 60 hadi 70 hivi, na baada ya saa kadhaa hutoka kikiwa na unyevu wa kama asilimia 5. Kimesinyaa, kimekuwa kigumu, na rangi imeelekea udongo. Mji unaosifika kwa kazi hii ni Mahuva, jimbo la Gujarat, India, ambako vitunguu vyeupe hukaushwa kwa wingi miezi ya Machi mpaka Mei. Ni Gujarat ileile ambayo wafanyabiashara wake walikuja Mikindani na majahazi kwa pepo za kaskazi, zamani za babu wa babu zetu.

Njia ya pili ni ya kugandisha. Kitunguu kilichokatwa hugandishwa mpaka chini ya nyuzi 30 za hasi, kisha huingizwa kwenye chumba cha chuma na pampu ikavuta hewa yote. Hewa inayotuzunguka hapa pwani ina mgandamizo wa karibu milibari 1,013. Ukiushusha chini ya milibari 6, maji hayawezi tena kuwa kimiminika: barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Mvuke huo hunaswa kwenye mabomba yenye baridi kali zaidi, na kitunguu hubaki na umbo lake, rangi yake na vitundu vidogo mahali palipokuwa na barafu. Kazi huchukua saa 20 au zaidi, na unyevu unaobaki ni asilimia 2 hadi 4. Mtu aliyeeleza mbinu hii mapema ni Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval, mwaka 1906. Katika Vita vya Pili vya Dunia ikatumika kukausha utegili wa damu kwa ajili ya majeruhi, na mwaka 1971 kampuni ya Nissin ya Japani ilipotoa tambi za kikombe, kamba waliokaushwa hivyo walikuwamo ndani.

Faida yake kwa kitunguu ni kubwa. Ukali wa kitunguu haupo tayari ndani yake. Hutengenezwa pale chembe zake zinapopasuka na kimeng'enya kikakutana na viini vya salfa. Moto huua sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho. Baridi hukilaza tu. Kwa hiyo kipande kilichokaushwa kwa kugandishwa, ukikimwagia maji, hulainika kwa dakika chache na kurudisha harufu ya kitunguu kibichi, wakati kile cha hewa moto hutaka kuchemshwa na huwa na utamu wa kitunguu kilichopikwa.

Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kujua anataka nini kabla hajatafuta muuzaji. Mimi nina bidhaa mbili. Kwa korosho nahitaji unga, na unga wa kitunguu cha hewa moto unatosha kabisa. Kulipia cha kugandishwa, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya hiyo, halafu kukisaga na kukichanganya na pilipili, ni kutupa fedha. Lakini nina pakiti ya supu ya pweza, ambayo mlaji huimwagia maji ya moto kikombeni na kusubiri kidogo. Humo kipande cha hewa moto hubaki kigumu kama ukucha. Humo, na humo tu, nanunua cha kugandishwa.

Sasa ununuzi. Muuzaji wa kwanza atakutumia bei kwa simu na picha nzuri. Usimjibu bei. Mwombe karatasi mbili: maelezo ya bidhaa, na cheti cha maabara cha bechi ileile atakayokuuzia, chenye tarehe na namba ya bechi. Sisi wa Mtwara na Newala tunalielewa jambo hili vizuri, maana korosho ghafi haipandi mnadani mpaka ijulikane unyevu wake na kiasi cha kiini ndani ya gunia. Kitunguu kikavu nacho kina vipimo vyake. Unyevu uwe umeandikwa kwa namba, maana neno "kavu" peke yake halina maana kwenye mkataba. Ukubwa wa kipande uwe kwa milimita. Iandikwe kama kimewekwa salfaiti ili kilinde rangi. Kanuni za kimataifa za chakula, za Codex, zinataka itajwe kwenye lebo ikifika miligramu 10 kwa kilo, kwa kuwa huwadhuru baadhi ya wenye pumu. Iandikwe kama mzigo umepita kwenye kitambua metali. Na vimelea: hesabu ya jumla ya bakteria, ukungu, E. koli, na salmonela, ambayo haitakiwi ionekane kabisa katika gramu 25.

Hilo la salmonela ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kilichokauka kimekufa. Fikirini chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto anapozaliwa. Ni unga mkavu ndani ya kichupa, ambao muuguzi huuchanganya na maji maalumu kabla ya kuchoma sindano. Ndani ya unga ule mna bakteria hai, waliodhoofishwa, na wamehifadhiwa kwa njia hiihii ya kugandisha na kuvuta hewa. Njia inayowatunza bakteria wa chanjo itawatunza pia wale walioingia shambani kwa maji machafu. Mwaka 2020 huko Marekani, vitunguu vibichi vyenye salmonela viliwaambukiza zaidi ya watu 1,000. Mlaji wa korosho zangu hazichemshi. Kwa hiyo nataka kujua kama kitunguu kilipitishwa kwenye mvuke wa moto au tiba nyingine ya kuua vimelea, na nataka kuona jibu kwenye karatasi. Wakala mmoja wa Dar es Salaam aliwahi kuniambia, "Mama, mbona wateja wangu wengine hawaulizi?" Nilimshukuru, nikakata simu, nikatafuta mwingine.

Ukipata karatasi, omba sampuli. Ionje kavu, iloweke kwenye maji ya moto ukitazama saa, imwage juu ya sahani nyeupe utafute maganda, mawe na vipande vilivyoungua. Nusu ya sampuli ifunge uihifadhi, ili mzigo ukija uwe na cha kulinganishia.

Gharama ya usafiri nayo ina mshangao. Vipande vya kitunguu cha kugandishwa ni vyepesi na vimejaa hewa, kwa hiyo kontena la futi 20, lenye nafasi ya kama mita 33 za ujazo, hujaa pomoni likiwa na tani chache tu. Unalipia nafasi. Mzalishaji mdogo hawezi kujaza kontena, wala hana haja; bora wazalishaji wachache wa Mtwara, Lindi na Masasi waagize pamoja na kugawana katoni. Forodhani, vitunguu vikavu vina namba 0712.20, viwe vizima, vipande au unga, lakini vikishachanganywa na chumvi au viungo vingine haviingii tena hapo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019 ilipohamisha kazi ya chakula kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, mlango wa kupitia ni Shirika la Viwango, TBS, kwa mzigo unaoingia na kwa bidhaa yako pia.

Mzigo ukifika Mtwara, adui ni hewa yetu. Masika, kati ya Desemba na Aprili, katoni iliyoachwa wazi usiku mmoja hunywa unyevu wa bahari, na asubuhi unga umeshikana mabonge. Mimi hufungua mfuko mkubwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nikagawa kwenye mifuko ya foili ya kilo moja moja na kuifunga kwa moto palepale. Anayeshindwa kufanya hivyo asinunue katoni za kilo 10. Alipe zaidi kidogo kwa mifuko midogo.

Kinachoniuma ni kwamba katoni ninazopokea zimeandikwa India na China, wakati bei ya kitunguu Ruaha Mbuyuni na Singida huporomoka wakati wa mavuno hadi wakulima wakakiacha kioze. Mashine za kugandisha sizidai leo. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunataka karibu uniti 0.8 za umeme hata kama hakuna kinachopotea, na mashine halisi hula mara kadhaa ya hapo. Ni mtaji mkubwa na bili kubwa. Lakini handaki la hewa moto, maji safi ya kuoshea, kitambua metali na mkataba na maabara ni mambo yanayowezekana, na unga wa hewa moto ndio unaotumika zaidi kwenye vyakula vya pakiti.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wenye mitaji, na vyama vya ushirika vya wakulima wa vitunguu: jengeni karibu na mashamba, ombeni ushauri kwa shirika la viwanda vidogo, SIDO, mpimwe na TBS, kisha mtuletee sampuli pamoja na cheti cha maabara cha bechi yake. Bei tutazungumza baada ya hapo, na wanunuzi Mtwara tupo.