Chokaa ya Kakontwe: fishi iseme kweli

Bandugu wa Kakontwe, jiwe letu munalijua. Hata wanajiolojia walichukua jina la fasi yetu, wakaliita nalo tabaka zima la mawe ya chokaa ya Katanga. Lakini katika jiwe hilo moja tunapata vitu vitatu, na haviko sawa.

Cha kwanza ni jiwe lenyewe, ao unga wake. Likichomwa kwa moto wa digrii karibu 900, linakuwa chokaa kali, ile Wafaransa wanaita chaux vive. Ukiitia maji inachemka, kisha inakuwa chokaa iliyozimwa. Vyote vitatu vikisagwa ni unga mweupe, jicho haliwezi kuvitenga. Lakini chokaa kali ikikuta jasho inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Njo maana kila kimoja kinataka fishi yake ya usalama. Mpango wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2003 unaigawa fishi katika sehemu 16. Ya 4 inasema namna ya kumusaidia aliyeumia, ya 7 namna ya kuweka mali, ya 8 vifaa vya kujikinga. Sasa, kama fishi ya jiwe inasafiri na kamyo ya chokaa kali, mupakiaji atazani ni vumbi tu. Karatasi iko, lakini inamudanganya.

Kwa hiyo tumuulize kapita maneno matatu. Jina la kwenye gunia na la kwenye fishi ni moja? Tarehe yake ni ya lini, na muuzaji ni yule yule? Iko fasi ya kazi, ao imefungiwa ofisini, tena kwa Kifaransa tupu? Kuuliza si kiburi: Mapatano namba 170 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1990, yanasema mufanyakazi ana haki ya kuona fishi hizo.

Unga ukiingia jichoni, osha palepale kwa maji safi, dakika 15 ao zaidi, kisha hospitali. Kwenye ngozi, pangusa kwanza ule mukavu, kisha osha. Maji kidogo yanawasha, maji mingi yanaokoa.

Na ninyi bamama: nguo za kazi zifuliwe peke yake, na gunia la chokaa lisiwekwe unga wa bukari.